Kikohozi cha Mzee Gasper

Tumpale aliposhuka kwenye bodaboda pale Iyula ilikuwa saa kumi alasiri, na jambo la kwanza aliloliona ni kwamba hakuna mtu aliyemsalimia.

Si kawaida hiyo. Binti aliyezaliwa pale, anayerudi kutoka Tunduma na begi begani, husalimiwa mpaka achoke mwenyewe. Watoto hulikimbilia begi. Akina mama huuliza umetuletea nini. Siku ile watoto walivutwa mikono wakaingizwa ndani, na mama mmoja aliyekuwa anaanika mahindi aliinama zaidi juu ya turubai lake, akajifanya anachambua.

"Haya," Tumpale alisema kwa sauti, ili wamsikie vizuri. "Mimi nawasalimu. Hamjambo nyote mlioko ndani!"

Kuku tu ndio walioitikia.

Tumpale ni fundi. Redio, televisheni, ving'amuzi, chochote chenye waya na ubishi. Kibanda chake kiko Tunduma, hatua chache kutoka mpakani, na wateja wa Nakonde, upande wa Zambia, huanza kumsalimia "mulishani" wakiwa bado ng'ambo ya barabara. Wanaume wawili waliwahi kumwambia kazi ile si ya mwanamke. Mmoja wao sasa anamletea redio zake, na anazileta kwa adabu. Tumpale ana miaka thelathini na minne, ana kovu la risasi ya kulehemu kwenye kidole gumba, na ana mdomo. Mdomo ameurithi kwa mama yake, Ikupa.

Huyo mama ndiye aliyemrudisha Iyula siku ile.

Asubuhi simu yake ilikuwa imelia. Fides, jirani wa mama yake, alikuwa ananong'ona. "Dada Tumpale, njoo leo. Usingoje kesho. Kesho lambalamba wanafika, na wanaanzia kwa mama." Kisha simu ikakatika.

Kwa asiyewajua, lambalamba ni waganga wanaozunguka vijiji kufichua wachawi. Wanakuja na ngoma. Wanachimba kwenye kona za nyumba, wanatoa pembe au chungu kidogo chenye mambo ndani yake, wanasema, huyu hapa. Mwezi mmoja nyuma, kijiji cha pili, walimchimbia bibi mmoja. Wakamnyoa nywele mbele ya wajukuu zake. Wakamchanja chale kifuani. Jioni vijana wakaibomoa nyumba yake tofali kwa tofali, na mpaka leo hakuna anayeweza kukuambia yule bibi analala wapi.

Sasa ilikuwa zamu ya Ikupa. Na kosa la Ikupa, jamani, lilikuwa televisheni!

Ilikuwa hivi. Wiki mbili nyuma alifariki mzee Gasper, jirani yao wa miaka mingi. Watu wa huku wakifiwa, televisheni huzimwa, hufunikwa kitenge, hugeuzwa uso ukutani mpaka matanga yaondolewe. Kila mtu analijua hilo, hata mtoto. Lakini siku ya pili ya msiba kulikuwa na mpira, na Hezron, mtoto wa marehemu, akaigeuza. "Sauti ndogo tu," alisema. "Hata mzee alipenda mpira."

Ikupa alikuwa mkekani na waombolezaji wenzake. Aliinua kichwa. "Zimeni hiyo," alisema. "Mwenye nyumba hajatoka bado."

Hajafunga mdomo, televisheni ikalia pu! Moshi kidogo. Harufu ya kuungua. Kioo cheusi.

Watu wote wakamgeukia Ikupa. Hakuna aliyemtazama Hezron, aliyekuwa ameshika rimoti msibani kwa baba yake. Tangu siku hiyo mama wa watu akipita njiani, mazungumzo yanakatika.

Tumpale alimkuta mama yake barazani anapukuchua maharage.

"Umekula?" Ikupa aliuliza.

"Mama, inuka. Boda nimeiambia isubiri. Tunalala Tunduma leo."

"Nimekuuliza umekula."

"Mama!"

Ikupa aliweka ungo chini. Ni mwanamke mfupi, wa kutoka Rungwe, aliyeolewa Iyula akiwa binti wa miaka kumi na minane na akazika mume palepale. Macho yake mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini, na kwa wajinga hilo nalo ni ushahidi. "Nikitoka leo, nimekiri," alisema. "Watasema si mnaona, amekimbia. Mimi sikimbii kwangu, Tumpale. Hii mibuni nimeipanda mimi. Wakitaka waje wanikute nimekaa hapa hapa."

Tumpale alisikia hasira zinapanda mpaka masikioni, na chini ya hasira kulikuwa na woga, woga wa kweli, wa kumfikiria mama yake akiwa kipara mbele ya watu. Alimwambia kijana wa boda aende. Kisha akavuka ua na kuelekea kwa Hezron.

Mwenyekiti wa kitongoji, Ambilikile, alikuwa pale kwenye benchi, na wanaume wengine watano au sita. Walikuwa wanapanga wapi lambalamba watafikia. Fides, mke wa Hezron, alikuwa anawamiminia chai. Alipomwona Tumpale alikazia macho birika, kama mtu ambaye hajapiga simu kwa yeyote.

Fides kwao ni Ileje, Mndali, na alilelewa kwa heshima ya kumkwepa baba mkwe. Miaka kumi na moja aliishi boma moja na mzee Gasper na hakuwahi kumtazama usoni. Mzee naye alimrahisishia. Kabla ya kuingia popote alikohoa, viwili vifupi na kimoja cha kuvuta. Kho. Kho. Khooo. Fides akisikia hivyo, hata kama ana mtoto mgongoni na sufuria mkononi, anafunika kichwa kwa kanga, anageuza uso, anatoka kwa mlango wa nyuma. Majirani walimtania mpaka wakazoea, na watoto wa pale wote walijua kukiigiza kikohozi cha mzee ili wamwone Fides akikimbia.

"Shikamoo mwenyekiti," Tumpale alisema.

"Marahaba. Karibu..." Ambilikile hakujua aweke wapi macho.

"Sijaja kukaa. Nasikia mama yangu ameua televisheni."

Mtu mmoja alipaliwa na chai. Hezron alicheka kwa pua. Ni mwanamume mrefu, mwenye kofia ya soksi hata jua likiwaka, na tangu baba yake ampe Ikupa kipande cha shamba la mibuni kando ya barabara, tena mbele ya mashahidi, hajawahi kumsalimia Ikupa akamtazama usoni.

"Dada Tumpale, tulikuwepo wote," alisema. "Alisema zimeni, ikazima. Unataka nini tena?"

"Nataka niione. Nipe hiyo televisheni, naifungua kwa mama, mlango wazi. Anayetaka kuchungulia achungulie. Nikikuta kilichoiua ni umeme, hao wageni wenu kesho wasikanyage kwetu. Mwenyekiti, hilo lina ubaya?"

Ambilikile alijikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayekubaliana na aliyesema mwisho. "Mimi naona... ni haki."

"Na ukikosa?" Hezron aliuliza.

"Nikikosa wanichimbe na mimi."

"Ichukue." Hezron alitema mate pembeni. "Hata ukiifufua. Kesho kona ya jiko lenu itasema yenyewe."

"Kona ya jiko?"

"Kona yoyote. Nimesema tu."

Tumpale alilisikia neno lile likamkaa. Kona ya jiko. Akajua, palepale, kama unavyojua waya upi una moto kabla ya kuugusa, kwamba kuna kitu kimeshafukiwa pale. Lakini angefanya nini? Aonekane anachimba kwenye ua wa mama yake, jioni ya kuamkia lambalamba, na vijana wamekaa juu ya ukuta wanatazama? Hapo angekuwa amewamalizia kazi. Alibeba televisheni kifuani na kurudi nayo, hasira zikimsaidia kubeba.

Aliilaza kifudifudi juu ya meza ya sebuleni. Ilikuwa ya bapa, ya inchi thelathini na mbili, ya Kichina, ile ambayo watoto wa mzee Gasper walimnunulia baada ya mavuno mazuri. Akatoa bisibisi. Skrubu moja, ya pili, ya tatu. Mama yake alikuwa jikoni, ng'ambo ya ua, anawasha moto. Mlango ulikuwa wazi kama alivyoahidi, na watu walikuwa wameanza kujikusanya nje, mbali kidogo, hawataki kukaribia na hawataki kuondoka.

Mfuniko wa nyuma ulipoachia, harufu ikatoka.

Si harufu ya kuungua. Ile aliitegemea. Hii ilikuwa harufu ya ugoro.

Kali, mbichi, ya kupiga chafya. Mzee Gasper alikuwa mtu wa ugoro. "Sawa," Tumpale alijiambia. "Alikaa mbele yake kila jioni akinusa. Vumbi lake limeingia humu. Basi." Akafuta pua na kuendelea.

Kwanza alifanya kile ambacho mwalimu wake wa ufundi alimpigia makofi ya mgongo mpaka akakizoea. Kwenye bodi ya pawa, ile inayopokea umeme wa ukutani, kuna kapasita moja kubwa, nene kama betri ya tochi. Hiyo hutunza umeme. Unaweza kuchomoa waya, ukaondoka, ukala, ukarudi, ukaigusa ikakurusha. Kitu kuzimwa, mwalimu alikuwa akisema, haimaanishi kimeisha. Kwa hiyo Tumpale aliigusisha kwenye balbu mpaka akawa na hakika umeme umekwisha, kisha akapima kwa mita. Sifuri. Safi.

Wiki mbili bila umeme. Sifuri ndiyo inayotakiwa.

Akaweka mita mezani, na kwenye spika za televisheni mtu akakohoa.

Kho. Kho. Khooo.

Tumpale hakusogea.

Waya wa umeme ulikuwa umekunjwa sakafuni, karibu na mguu wake. Haukuchomekwa popote. Aliuona kwa macho yake. Kwa sekunde kadhaa alitaka jambo moja tu, kumshika mama yake mkono na kukimbia naye mpaka Tunduma kwa miguu.

Kisha hasira zikarudi. Hasira zimemsaidia sana huyu binti maishani.

"Mzee," alinong'ona, meno yamebana. "Kama ni wewe, subiri zamu yako. Mimi naokoa mama yangu hapa. Na kama ni nyinyi watoto mnaigiza huko dirishani, nikitoka nawachapa!"

Hakukuwa na mtoto dirishani. Spika zikanyamaza. Harufu ya ugoro ilibaki pale pale, imejaa chumbani.

Akainamia bodi tena, kwa sababu kazi ni kazi. Fyuzi ilikuwa imelipuka, kioo chake cheusi. Kapasita ndogo mbili zilikuwa zimevimba vichwa. Na katikati, amelala juu ya njia mbili za umeme ambazo hazitakiwi kugusana, alikuwepo mjusi. Mkavu. Amekaangika, mkia umejikunja, mdomo wazi.

Tumpale alicheka kwa sauti. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ni mara ngapi ameshakuta hili kibandani! Mjusi anapenda joto, anaingia kwenye matundu ya nyuma, anajilaza kwenye bodi. Televisheni ikiwa imezimwa siku mbili, anazoea. Halafu mtu anawasha ghafla, mjusi anaruka kutoka njia hii kwenda ile, na hapo ni pu! Huyo hapo mchawi wao!

Alimtoa kwa koleo na kumweka juu ya kisahani. Akachomeka chuma cha kulehemu, akasubiri kipate moto. Moshi wa risasi ulipanda, na kwa muda ule ulifukuza harufu ya ugoro. Alibadilisha fyuzi. Alibadilisha kapasita kwa nyingine alizokuja nazo begini. Akasafisha bodi kwa spiriti na mswaki wa zamani. Kisha akaunganisha televisheni kupitia balbu yake ya majaribio, ile inayowaka sana kama bado kuna hitilafu, na ikizimika polepole ujue mambo ni mazuri. Akachomeka.

Balbu iliwaka. Ikafifia. Ikazimika.

Chini ya kioo, taa ndogo nyekundu ikawaka.

"Mwenyekiti!" Tumpale aliita. "Ingia! Ingieni wote, mbona mnaogopa nyumba ya bibi mmoja?"

Waliingia. Ambilikile mbele, Hezron nyuma yake, wanaume wengine wakabanana mlangoni. Fides aliingia wa mwisho, kanga mabegani, akasimama karibu na ukuta. Jua lilikuwa linazama na mwanga mwekundu ulipita mlangoni mpaka juu ya meza. Ikupa naye alikuja kutoka jikoni, akaketi kwenye kigoda chake bila kumtazama mtu.

Tumpale alikuwa ameshaisimamisha televisheni. Aliinua kisahani juu, aone kila mtu. "Mchawi wenu huyu hapa. Aliingia kulala mlipoizima, akakaangwa mlipoiwasha. Umeme ndio uliomuua, na yeye ndiye aliyeunguza fyuzi. Nimebadilisha, na taa ile pale inawaka. Mama yangu hajagusa kitu."

Ambilikile alikitazama kisahani. Alitazama taa nyekundu. Mabega yake yalishuka kwa nafuu. "Basi jamani, mnaona wenyewe..."

"Mjusi," Hezron alisema.

"Ndiyo, mjusi."

"Mjusi ametoka wapi?"

"Ukutani kwako, Hezron! Mijusi hutoka wapi?"

"Kwangu kuna mijusi mingi." Hezron hakuwa anaongea naye tena. Alikuwa anaongea na wale wa mlangoni, taratibu, kwa huruma ya uongo. "Miaka yote ipo. Haijawahi kuingia kwenye televisheni. Siku huyu mama anasema zima, ndiyo siku mjusi anaingia. Mjusi haendi mahali bure. Mjusi anatumwa."

Mlangoni pakawa na mnong'ono. Anatumwa. Kweli. Anatumwa.

Na Tumpale akaona, kwa macho yake, kazi yake yote inageuka. Kisahani alichokishika, ushahidi wake, sasa ulikuwa ushahidi wao. Mtu mmoja alirudi nyuma hatua mbili akikiogopa. Ambilikile akashusha macho tena. "Labda," alisema, "labda kesho wataalamu wenyewe..."

"Wataalamu!" Sauti ya Tumpale ilipasuka. Alitaka kulia na akakataa kulia mbele yao. "Sikilizeni. Mnakuja kumnyoa mama yangu kwa sababu ya mjusi? Mama aliyewazalisha wake zenu? Hezron, wewe kitovu chako nani alikikata? Kesho mkija, mtanikuta mlangoni. Mtaanza na mimi. Na sasa hivi beba takataka yako utoke!"

Akaushika waya, akaung'oa ukutani kwa nguvu, na kichwa cha waya kikabaki kinaning'inia mkononi mwake.

Taa nyekundu ilizimika.

Watu wakaanza kugeuka kutoka.

Kho.

Waliganda.

Kho.

Hezron alikuwa na mkono mmoja juu ya televisheni, tayari kuibeba. Aliuondoa kama ameungua.

Khooo...

Kioo kiliwaka. Si picha. Ni ule mchele mweupe unaocheza, kama televisheni za zamani zikikosa antena, na televisheni za siku hizi hazina mchele huo kabisa, Tumpale anajua. Hakukuwa na king'amuzi. Hakukuwa na waya. Waya alikuwa ameushika yeye, na watu wote waliuona. Ndani ya mchele ule kulikuwa na kitu cheusi zaidi, katikati, kimekaa. Kinaweza kuwa mtu. Kinaweza kuwa kivuli cha wale waliosimama mlangoni. Hakuna aliyeweza kusema.

Harufu ya ugoro ikajaa chumba kizima.

Hapo ndipo Fides alipofanya lile ambalo Iyula wanalizungumza mpaka leo, kwa sauti ndogo.

Hakupiga kelele. Alivuta kanga kutoka mabegani, akafunika kichwa chote. Akageuza uso ukutani. Akapiga magoti nusu, akajikunyata, na hivyo hivyo, mgongo kwa televisheni, akateleza kando ya ukuta mpaka mlango wa nyuma na kutoka. Haraka, kwa adabu, bila kugusa mtu. Vilevile alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na moja.

Chumba kizima kikajua ni nani aliyeingia.

"Baba," Hezron alisema.

Kile kitu cheusi kwenye kioo kiliinama mbele kidogo.

"Baba, nitaitoa!" Sauti ya mwanamume mzima ilikuwa imekuwa ya mtoto. "Nitaitoa sasa hivi, baba! Sikutaka... ni shamba tu, nilitaka shamba tu!"

Akawasukuma watu mlangoni, kofia ikamdondoka. Walimsikia akikimbia uani. Walipomfuata walimkuta kwenye kona ya jiko la Ikupa, amepiga magoti, anachimba kwa kucha, udongo unaruka. Hakuhangaika kutafuta. Alijua mahali. Akatoa pembe ya mbuzi iliyozibwa nta, imefungwa kwa kipande cha kitenge cha kijani, na kila mwanamke wa pale alikijua kitenge kile. Ni kile kilichopotea kwenye kamba ya Ikupa siku za msiba.

Ambilikile aliitazama ile pembe na kile kitenge. Kisha akatoa simu. Sauti yake, kwa mara ya kwanza siku ile, ilikuwa ya mwenyekiti. "Msije," aliwaambia lambalamba. "Nimesema msije. Sababu yake si ya kwenye simu."

Hakuna aliyeaga. Waliondoka mmoja mmoja, na wale waliopita karibu na Ikupa waliinamisha vichwa. Hezron aliiacha pembe, akaiacha kofia, akaiacha televisheni. Alipita katikati ya mibuni, si kwa njia.

Tumpale alimkuta Fides nyuma ya nyumba, amechuchumaa, kanga bado kichwani, uso kwenye tofali.

"Fides. Inuka, wameondoka."

Fides hakuinuka. "Ameshatoka?" alinong'ona.

"Hezron? Ameondoka, ndiyo."

"Si Hezron."

Tumpale alimwinua. Alimshika mkono, akamsindikiza mpaka kwao kwa kuzunguka, wasipite mbele ya mlango.

Aliporudi, kioo kilikuwa cheusi. Alichukua mita. Alijiambia kwamba kapasita hutunza umeme, kwamba aliiunganisha, ikajaa, ikaachia kidogo kidogo. Ni maelezo mazuri. Yangemtosheleza mteja yeyote. Lakini kapasita ile huweza kushikilia taa kwa sekunde chache, haiwashi kioo kizima. Na mara ya kwanza, kabla hajachomeka chochote, alikuwa ameshaipima.

Aliipima tena. Sifuri.

"Mama," alisema bila kugeuka. "Siku ile ya msiba. Uliposema mwenye nyumba hajatoka. Ulimaanisha nini?"

Ikupa alikuwa anamimina chai. "Nilimsikia akikohoa."

"Wapi?"

"Humo." Alionyesha kwa kidevu. "Wote walikuwa wanasikiliza mpira."

"Ukanyamaza wiki mbili? Mama, wangekuua!"

"Ningesema nini, mwanangu? Kwamba nimemsikia marehemu? Wangeniua siku ileile." Alisogeza kikombe kuelekea kwa binti yake. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa. "Mimi hawaniamini. Televisheni wanaiamini. Nikasema moyoni, acha Tumpale aje aitengeneze."

Tumpale alimtazama mama yake. Macho mekundu kwa moshi. Mikono iliyokata vitovu vya nusu ya kijiji. Swali kama mama yake ndiye aliyemwita mzee lilikuwepo, limefika ulimini, na yeye ni mtu ambaye hajawahi kumeza swali. Alilimeza. Kama jibu lingekuwa ndiyo, bado angesimama mlangoni kesho. Alikunywa chai yake, ilikuwa tamu.

Aliondoka siku ya tatu. Alitaka kuitupa ile televisheni, mama yake akakataa. Iko pale sebuleni, imefunikwa kitenge, imegeuzwa ukutani, waya umekunjwa juu yake. Hezron hajawahi kuiulizia, wala shamba. Lambalamba walipita vijiji vya jirani na kuzunguka mbali.

Ila Fides, kila jioni akienda kuteka maji, njia yake inapita mbele ya mlango wa Ikupa. Akikaribia pale anapunguza mwendo, anasikiliza. Siku nyingine anapita tu, anasalimia, anacheka na mama. Siku nyingine anafunika kichwa kwa kanga, anageuza uso, na kuzunguka kwa nyuma. Watu wanaomwona hawamuulizi kitu.